Siku Waziri Alipokuja Kujionea

Kwetu Mji wa Kale, ukimpita mtu anakula na akakwambia karibu, jibu lake ni starehe. Unasema starehe, unapita. Yeye amefanya adabu yake, wewe umefanya yako, na wali unabaki kwa mwenyewe. Hakuna mtoto wa Kibokoni asiyelijua hilo kabla hajaota meno. Nami nalijua. Lakini ulimi huponza kichwa, na wangu uliniponza Jumatano moja asubuhi, Bungeni, mbele ya mawaziri watatu na kamera za televisheni.

Naitwa Raihana. Ni mbunge wa kisiwani kwa muhula wa kwanza, na nikiwasikiliza wapinzani wangu, wa mwisho. Watu hudhani mbunge huenda Nairobi kupiga kelele. Kazi yenyewe hasa ni kungoja. Unaandika swali, linapelekwa kwa Spika, linapewa nambari, linalala kwenye faili wiki sita, saba, kisha siku moja jina lako linaitwa na waziri yuko mbele yako na karatasi yake mkononi. Usipokuwapo, swali limekufa. Ukiwapo, unalisoma, naye anasoma jibu, na hapo una nafasi ya swali la nyongeza, moja tu, kisha ukumbi unahamia kwenye barabara za watu wengine.

Swali langu lilikuwa juu ya Shule ya Kisimani. Ni nyumba ya zamani ya mawe, ghorofa mbili, iliyowekwa wakfu na watu ambao hata makaburi yao hatuyajui tena, na ina vyumba vinane, kimoja ni ofisi. Wakati wa uchaguzi uliopita walikuja polisi kulinda masanduku ya kura, wakapewa vyumba viwili vya chini kwa siku tatu. Siku tatu zikawa miaka mitatu. Chumba kimoja wakaweka vitanda, cha pili wakaweka meza, jiko na kile kitabu chao kikubwa cha kuandikia mashtaka. Gredi ya tatu wakahamia ngazini. Kila mtoto ana daraja lake, mwalimu husimama chini, na mtu akitaka kupanda juu watoto wote hujibana ukutani mpaka apite.

Hilo tungeweza kuendelea kulivumilia, maana sisi ni hodari wa kuvumilia. Lakini mwaka huu gredi ya sita ilikuwa na watoto arubaini na mmoja, na barua ilikuja kusema shule isiyo na chumba cha ziada haitapewa gredi ya saba. Watoto watatawanywa. Wengine Tononoka, wengine wavuke Feri waende Likoni. Mimi najua maana yake. Wavulana watavuka. Wasichana, karibu nusu yao, watakaa nyumbani kwa muda, na huo muda wa kwetu hauna mwisho.

Mwalimu mkuu wa Kisimani ni Bi Mwanatumu, dada yake baba. Ndiye aliyenilea tangu mamangu alipofariki, nikiwa na miaka minne. Anastaafu mwakani, na kitu alichotaka kabla ya kukabidhi funguo ni hicho tu: watoto wake waingie gredi ya saba pale pale walipoanzia.

Basi Jumatano hiyo nikasimama nikauliza. Ukumbi wa Bunge una zulia zito na baridi ya mashine, na sauti za watu humo hufika kama zinatoka chumba cha jirani. Mtu akikaa sana huanza kuhisi amelala macho wazi. Waziri wa Elimu akasema jengo ni lake ila waliomo si wake. Waziri wa Usalama akasema waliomo ni wake ila jengo si lake. Waziri wa Ujenzi akasema yeye hana jengo wala watu, ila kiwanja kikipatikana atajenga kituo. Walisema kwa upole sana, mmoja baada ya mwenzake, na kila mmoja alipokaa nilihisi shule yangu inazidi kuwa nyepesi, inapaa.

"Bwana Spika," nikasema, "nawashukuru waheshimiwa mawaziri. Nami nawakaribisha kwetu, Mji wa Kale, waje wajionee kwa macho yao."

Hiyo ilikuwa adabu tu, ndugu zangu. Ilikuwa ndiyo njia yangu ya kumaliza maneno bila kutukana. Wawili walitabasamu. Wa Elimu, Bwana Levi, mtu wa bara, mrefu, mpole, miwani imekaa kwenye ncha ya pua, alitoa kalamu akaandika. Spika akasema swali limeahirishwa mpaka Waziri arudi kutoka Mombasa, nami nikadhani ni njia tu ya kulizika.

Wiki mbili baadaye Wanza, karani wa ofisi yangu ya kisiwani, akaniletea barua Nairobi. Wanza ni mtu wa Machakos aliyezaliwa Tononoka, na hana mzaha na karatasi.

"Anakuja Alhamisi," akasema.

"Nani?"

"Waziri. Ameandika kwamba anaitikia mwaliko wako."

"Mwaliko gani? Wanza, yale yalikuwa maneno."

"Yamechapishwa kwenye kumbukumbu za Bunge, Mheshimiwa. Ukurasa wa kumi na nne."

Nilicheka, kisha nikafurahi. Nikaona kumbe Mungu amenifungulia mlango nisiougonga. Aje basi! Aione ngazi, aone kofia za polisi zimetundikwa penye msumari wa ramani ya Afrika. Nikampigia shangazi simu papo hapo.

"Shangazi, mwache aone kila kitu kama kilivyo. Usiguse kitu."

"Mgeni yuwaja lini?"

"Alhamisi. Lakini umesikia? Usiguse kitu."

"Nimesikia, mwanangu. Wewe nenda na mambo yako ya Bunge, mambo ya mgeni niachie mimi. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Hapo ndipo ningepaswa kuruka kwenye gari la moshi usiku ule ule. Mtu aliyelelewa na Bi Mwanatumu akisikia maneno hayo asilale. Mimi nikalala, tena fofofo.

Siku ya Alhamisi nilishuka ndege moja na Waziri. Ilikuwa matlai, ule wakati kusi imekwisha na kaskazi haijaja, upepo umekufa na bahari imelala kimya kama maji kwenye sinia. Tuliacha magari karibu na Ngome tukaingia vichochoroni kwa miguu. Nikaanza kuona vitu. Kichochoro kilikuwa kimefagiwa na kunyunyizwa maji. Kuta zilikuwa na chokaa mbichi, na mtu mmoja wa msafara aligusa akatoka na bega jeupe. Kutoka mlangoni mwa shule ulikuja moshi wa udi, polepole, ukatupokea kama jamaa.

Nilisimama mlangoni nikadhani nimepotea njia.

Ngazi ilikuwa tupu. Ngazi ile, ambayo kwa miaka mitatu sijaiona bila magoti ya watoto, ilikuwa imepigwa deki inang'aa, na juu yake hakuna mtu. Chumba cha kwanza cha chini kilikuwa wazi, na ndani yake gredi ya tatu walikuwa wameketi wawili wawili kwenye madawati, nguo zimepigwa pasi, wanasoma kwa sauti moja: sita mara moja sita, sita mara mbili kumi na mbili. Chini kulikuwa na zulia jekundu. Dirishani kulikuwa na vikuba vya asumini. Chumba cha pili sikukiona kabisa. Palikuwa na pazia tu, leso mpya zilizoshonwa pamoja kutoka dari hadi sakafu, na mbele yake meza ya vitabu. Mgeni yeyote angedhani ni ukuta uliopambwa.

Na polisi? Hakuna polisi. Hakuna kofia, hakuna jiko, hakuna suruali iliyoanikwa dirishani.

Sasa nitasema kweli, maana kama sisemi hapa nitasema wapi. Nilifurahi. Nilipaswa kukasirika lakini nilifurahi. Nilitembea chumba kile nikipitisha mkono juu ya madawati, nikasikiliza jedwali la sita mpaka sita mara kumi na mbili, na moyo wangu ukawa mwepesi vibaya sana. Hiyo ndiyo shule niliyokuwa nikiiuliza Bungeni kwa karibu miezi mitatu, na sasa nimo ndani yake. Nani humwamsha mtu katika ndoto kama hiyo? Sikujiamsha.

Waziri alipita akipeana mikono na watoto. Aliuliza majina yao, akayarudia vizuri, hata yale marefu. Kisha tukapandishwa juu, tukaketi mkekani, na pilau ikaja. Ilikuja na mbuzi, na achari, na kachumbari, na juisi ya ukwaju yenye barafu, na wanawake wa mtaa mzima wamesimama ukutani wakiona kama mgeni anakula. Shangazi mwenyewe ndiye aliyepakua. Alikuwa amevaa vizuri, mgongo umenyooka, na uso wake ulikuwa na nuru niliyoiona siku ya harusi yangu na siku ya kuapishwa kwangu, basi.

Waziri akafungua kifungo cha juu cha shati. Alikula vijiko vitatu, akafuta mdomo, akanigeukia.

"Mheshimiwa Raihana, nisaidie. Yale madarasa mawili uliyoyasema Bungeni ni yapi?"

Akauliza hivyo, wazi, mbele ya watu. Alikuwa amesafiri kutoka Nairobi kuja kuuliza hilo. Nilikuwa na jibu. Lilikuwa chini ya miguu yetu, nyuma ya leso. Nilichotakiwa kufanya ni kumwambia inuka, tushuke.

Wanawake ukutani wakanitazama. Shangazi alikuwa ameinama juu yangu na sahani ya mchuzi, mkono umesimama hewani, hautui wala haurudi. Kumwinua mgeni kwenye chakula! Kwetu hata mwenye kukudai damu humwachi aondoke na tonge mkononi.

"Kula kwanza, Mheshimiwa Waziri," nikasema.

Akala. Alikula mpaka akaegemea ukuta, macho yakawa mazito. Watoto waliimba chini, joto likapanda, na mazungumzo yakageuka kuwa juu ya tende, juu ya watoto wake, juu ya mvua za kwao. Hakuniuliza tena. Saa tisa alitoka na kofia iliyoshonwa kwa mkono kichwani na boksi mbili za halua, na kichochoroni alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema hajawahi kupokewa hivyo katika maisha yake.

Alaasiri nilirudi shuleni. Nilikuta vitanda vinarudi. Sajini Bonface, mkubwa wa wale polisi, alikuwa amevaa kikoi na fulana, amebeba godoro kichwani, na vijana wake wawili nyuma wamebeba jiko.

"Mlikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Nyumba ya pili, hapo jirani, Mheshimiwa. Mwalimu alisema kuna mgeni, tukaona si vizuri kubishana na mama. Tulipewa chai na mahamri." Akashusha godoro akajifuta jasho. "Mahamri mazuri sana."

Nikakaa kwenye daraja la ngazi. Serikali nzima imeshindwa kuwatoa watu hawa miaka mitatu. Shangazi aliwatoa asubuhi moja kwa chai ya maziwa, na alaasiri anawashikia mlango warudi! Madawati nayo yalikuwa yakipita mbele yangu kurudi madrasa. Zulia lilikunjwa likaenda kwa mwenyewe.

Shangazi alikuwa akiteremsha pazia, anakunja leso moja moja, na nyuma yake masanduku ya polisi yamerundikwa mpaka dirishani.

"Shangazi, umeniua."

"Nimekuua? Nimekusitiri."

"Alikuja kuona! Nilimwita aone!"

"Aone nini? Suruali za wanaume zimeanikwa darasani? Watoto ngazini kama kuku? Mgeni atoke Nairobi aje akute hichi, arudi akasimulie kwamba Bi Mwanatumu ana nyumba ya hivi?" Akaikung'uta leso kwa nguvu. "Mgeni haonyeshwi aibu, Raihana. Aibu huambiwa. Wewe si una mdomo? Si tumekupeleka huko kwa ajili ya mdomo? Basi kamwambie huko huko, usimwambie mkekani kwangu."

Nami nilikuwa na hasira, na hasira zangu nilizipata kwake. "Mficha uchi hazai, Shangazi."

Nililijutia neno kabla halijamaliza kutoka. Shangazi hakujaaliwa mtoto. Waume wawili, miaka thelathini, dawa za kila namna. Kisiwa kizima kinajua.

Aliikunja leso iliyokuwa mkononi mpaka pembe zikalingana.

"Kweli," akasema. "Sikuzaa. Nililea."

Nikaondoka bila kuaga. Wanza alinipeleka uwanja wa ndege.

Jumatano iliyofuata swali langu liliitwa tena. Bwana Levi alisimama na ripoti yake. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimulia likizo. Alisema alifika, akapokewa, akaingia madarasani. Alisema watoto wana madawati, wana zulia, wana nidhamu, na kwamba hakuona afisa wa polisi hata mmoja. "Bwana Spika, nilijionea kwa macho yangu. Naomba swali hili lihesabiwe limejibiwa." Nyuma yangu mtu akacheka. Mwingine akasema, si kwa sauti ndogo, kwamba wabunge wa Pwani sasa wanatunga maswali.

"Mheshimiwa Raihana," akasema Spika, "umeridhika, au una swali la nyongeza?"

Nilisimama. Kulikuwa na ile baridi, na zile sauti za mbali, na nilitamani sana kusema nimeridhika. Shule nzuri ilikuwa bado imo kichwani mwangu, na harufu yake, na kile chumba chenye watoto. Kama ningekaa ingebaki humo milele, na watoto arubaini na mmoja wangekuwa nje yake.

"Bwana Spika, swali langu la nyongeza ni hili. Je, Waziri anajua kwamba madawati aliyoyaona ni ya madrasa, na yalirudi madrasa kabla ndege yake haijaruka? Anajua kwamba zulia lilikuwa la sebule ya mtu? Kwamba pazia la leso aliloliona lilikuwa limeficha mlango wa chumba cha pili, na ndani yake mna masanduku ya polisi? Na kwamba vitanda vyao vilikuwa nyumba ya jirani mpaka alaasiri?"

 Spika akaegemea mbele.

"Mheshimiwa, hilo ni jambo zito. Unasema Waziri wa Serikali alidanganywa?"

"Alikirimiwa, Bwana Spika."

"Na nani? Kanuni zinataka uthibitishe. Taja aliyefanya hivyo, au ufute maneno yako yote."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimefikiri usiku kucha juu ya madawati na pazia, na jina halikunijia hata mara moja, kana kwamba vitu vile vilijipanga vyenyewe. Nikatazama kamera. Saa hiyo, kwetu, televisheni zimewashwa madukani, majikoni, na ofisini kwangu Wanza amewapangia watu viti.

"Mwalimu mkuu wa shule," nikasema. "Bi Mwanatumu binti Kamaludin. Ni shangazi yangu. Ndiye aliyenilea."

Basi hapo ndipo walipocheka. Walicheka upande wa serikali na upande wetu pia, kicheko kirefu cha kupiga meza. Sikuwahi kuchukia watu wengi kwa pamoja kiasi kile. Kipande hicho kilizunguka kwenye simu za watu kabla sijatoka ukumbini, na kikapewa jina, Shule ya Kuazima, na mpaka jioni kilikuwa kimefika Lamu.

Bwana Levi peke yake hakucheka. Alivua miwani akaifuta muda mrefu, kisha akasimama.

"Bwana Spika, nilikula chakula cha mama yule nikashiba. Nilimuuliza Mheshimiwa swali mkekani, akaniambia nile kwanza. Sasa naelewa. Mwalimu yule asiguswe na mtu yeyote, naomba hilo liandikwe." Kisha akamgeukia mwenzake wa Usalama. "Ndugu yangu, watu wako watatoka lini?"

Walitoka siku ya tisa. Nilirudi kisiwani Jumamosi ile iliyofuata, na kabla ya kwenda popote nilipita shuleni. Wanza alikuwa amenitangulia, ana barua ya gredi ya saba mkononi, amepanga majina arubaini na moja kwa mwandiko wake mnyoofu. Vyumba vyote viwili vilikuwa wazi. Madawati hayakutosha, ukuta mmoja una moshi wa jiko ambao chokaa haikuufuta, na dirisha moja halifungi. Nilikaa humo kidogo. Hapakuwa na udi wala asumini. Palinuka mafuta ya taa na vumbi, na kila kitu kilikuwa cha shule.

Kisha nikaenda nyumbani kwa shangazi. Tangu utoto naingia kwa mlango wa uani, nausukuma kwa kiuno, natokea jikoni. Siku hiyo ulikuwa umekomewa. Nikazunguka mbele nikapiga hodi kama mtu wa kodi.

Alifungua mwenyewe. Alikuwa amevaa gauni la kutokea, mtandio umekaa sawa.

"Pita ndani, Mheshimiwa."

Akaniweka sebuleni, kwenye kiti kile kikubwa ambacho sisi watoto tulikuwa tukipigwa kwa kukikalia. Akaniuliza hali. Akaniuliza safari. Akaniuliza Nairobi kukoje, baridi imepungua au bado, na wenzangu wa kazini wazima? Aliuliza kwa mpango wake, hakuruka hata moja, na nilijibu zote kwa sababu sikujua la kufanya. Akaingia ndani akatoka na sinia, na juu yake kikombe kimoja.

"Na wewe, Shangazi?"

"Mimi nimekwisha kunywa. Kunywa wewe, umetoka safari."

Nikanywa. Yeye alikaa ukingoni mwa kochi, mikono mapajani.

"Watoto wamepata vyumba," akasema. "Wote. Mungu akulipe kheri, akupe umri. Hilo nitakuombea mpaka nife." Macho yake yakajaa maji, na najua hakuwa akiigiza, maana Bi Mwanatumu hajui kuigiza kitu chake mwenyewe.

"Basi niwie radhi."

"Nikuwie radhi ya nini? Umesema kweli. Nami ndiye niliyekwambia ukaseme huko."

"Walikucheka."

"Walicheka," akakubali.

"Kama huna neno na mimi, mbona unanikalisha huku? Twende jikoni, Shangazi. Nimezoea jikoni."

Alinitazama kwa macho yale yale aliyonitazama nayo nikiwa na homa, nikiwa na mtihani, nikiwa bibi harusi. Hayakuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilinitisha kuliko hasira.

"Jikoni hakujafagiwa," akasema. "Na kila nyumba ina mambo yake, Mheshimiwa, ambayo mwenyewe hapendi yaonwe na watu wa Bunge."

 Nimeuliza mawaziri kumi na mmoja maswali, nimejibiwa kila namna ya jibu, na hilo sikulipatia swali la nyongeza. Nilimaliza chai ili nipate la kufanya. Nikainuka na kikombe, nikaelekea ndani, lakini yeye alikwisha kusimama mbele yangu. Alikitoa mkononi mwangu taratibu.

"Wacha," akasema. "Mgeni haoshi vyombo."

Nikarudi kitini. Kutoka sebuleni nilisikia bomba likifunguliwa, nikamsikia akikiosha kile kikombe kimoja, na alikiosha kwa muda mrefu sana.